Kongoni wa Mita Mia Tatu

Kile kidude sikukipenda tangu siku ya kwanza, na sasa nimezeeka bado sikipendi.

Ilikuwa kwenye ranchi moja upande wa Kinanie, miaka ile serikali iliporuhusu baadhi ya ranchi kuvuna wanyama wa porini kwa nyama. Mimi nilikuwa mchunaji, mwanamke pekee kwenye banda. Mpiga risasi wetu wa zamani, mzee mmoja wa Kathiani, alikuwa akitambaa nyasini mpaka zibaki hatua themanini, na kila kongoni aliyemleta alikuwa na tundu moja, kichwani. Mzee akastaafu. Mahali pake akaja shemeji wa meneja, kipima umbali kinaning'inia shingoni: unamlenga mnyama, unabonyeza, kinakuambia mita ngapi. "Na hii sitambai tena," akajigamba. Atambae vipi, na kitambi kile!

Akawa anapiga akiwa juu ya gari, mita mia tatu. Kongoni wakaanza kuletwa wamepasuka matumbo, mavi yametapakaa nyamani, na mkaguzi wa nyama anaitupa yote. Meneja akauliza kulikoni. Shemeji mtu, bila haya, akaninyooshea kidole: "Ni kisu ya huyu mama. Anatoboa utumbo."

Aiya! Miaka tisa nachuna, na watoto wangu watatu wanakula kwa kisu hicho hicho! Meneja akasema nimalize wiki, niende zangu.

Nilikasirika. Nikaibeba ngozi ya kongoni wa asubuhi ile, mbichi, inachuruzika damu, nikaitandaza kwenye meza ya meneja, juu ya makaratasi yake. Nikapitisha kidole kwenye tundu la ubavuni, nyuma ya ubavu wa mwisho. "Kisu changu kinapasua katikati ya tumbo. Huku ubavuni kilifika saa ngapi?"

Shemeji akafoka, "Hii kitu haikosei!"

"Haijakosea. Imekuambia mita mia tatu, na ni mia tatu kweli. Upepo wa mbuga hii ya Kapiti ilikuambia? Ilikuambia kongoni atapiga hatua kabla risasi haijamfikia? Mvivu wewe, halafu unanipaka mimi mavi yako!"

Meneja akakitazama kidole changu, kisha akaniambia nirudi kazini. Samahani, hata moja, sikupata.

Alasiri shemeji akaleta kongoni mwingine. Nikawaita wote, meneja, mkaguzi na wachunaji wenzangu, watazame kabla sijashika kisu. Tundu la risasi lilikuwa tumboni, na mavi tayari yakitoka.