Mchanga katika Gunia la Ndagala

Siku yangu ya kwanza kazini sikuingia mahakamani. Nilifika ofisini Rumonge na joho jeusi jipya, nimelipiga pasi mara mbili. Msimamizi wangu, wakili mzee ambaye sisi wanagenzi tulimwita Patro, alilitazama akaniambia nilitundike. Kisha akanituma sokoni, upande wa ziwani, nikaangalie jinsi watu wanavyofunga mizigo.

"Sheria utaisoma, mwanangu," alisema. "Magunia utayasomea wapi?"

Nilishinda huko siku nzima. Niliona mawese ya Kizuka yakimiminwa kwenye bidoni za njano na kuzibwa kwa kipande cha nailoni chini ya kifuniko. Niliona ndagala, samaki wadogo kuliko kidole, zikishindiliwa kwenye magunia meupe yaliyowahi kubeba mchele, kisha midomo ya magunia ikishonwa kwa uzi wa nyavu. Jioni nilirudi na mtandio unaonuka samaki, nikamwambia Patro kwamba sikuona sheria yoyote kule. Alicheka mpaka akavua miwani.

Ofisi yetu ilitetea watu wa kila namna, lakini mimi nilijikuta kwenye kesi za dawa za kulevya, na katika pwani hii ya ziwa hiyo maana yake ni bangi: bangi ndani ya mzigo, na mzigo juu ya gari. Baada ya miaka miwili Patro alinipeleka Bujumbura, kwa mkurugenzi wa ofisi ya msaada wa sheria, mtu mkavu aliyekunywa chai bila sukari. Huyo ndiye aliyenifundisha kusoma PV, yaani maandishi ambamo polisi huandika maneno ya mshitakiwa na kumtaka atie saini. Alitaka nisome kila moja mara tatu: mara ya kwanza nitafute kilichoandikwa, mara ya pili nani aliulizwa nini, mara ya tatu kitu ambacho hakuna aliyeuliza. Nilimchukia kwa mwaka mmoja. Nimemshukuru kwa miaka yote iliyofuata.

Niliporudi Rumonge kufungua ofisi yangu, nilipata kesi ya Kapitolina.

Alikuwa muuza ndagala wa Kabonga, mjane mwenye watoto watatu, na mtu wa maneno mengi. Gari alilopanda lilisimamishwa kwenye kizuizi. Magunia mawili ya ndagala yalikuwa juu, meupe yote, yameshonwa kwa uzi uleule wa buluu. Polisi walishusha moja wakauliza ni la nani. Kapitolina akasema ni lake. Wakalifungua, wakakuta kifurushi cha bangi katikati ya samaki. Aliposema kwamba kumbe si lake, wakamcheka. Nani asingesema hivyo? PV ilikuwa fupi: amekiri gunia ni lake.

Nilimkuta gerezani amekonda. Miaka ya kifungo iliyokuwa ikimngoja ilitosha watoto wake kukua bila yeye. Nilimuuliza kwa nini alidai gunia kabla ya kulitazama vizuri.

"Metre, wewe hujui njia," alinijibu, kwa jina ambalo huku wakili huitwa. "Gunia yenye haina mwenyewe inapataka mwenyewe haraka. Ningenyamaza, ningefika Rumonge na mikono tupu."

Halafu akaanza kulalamika, na si juu ya gereza. Alilalamika juu ya samaki. Polisi walipofungua gunia aliwaona kwa macho yake, na ilimuuma kwamba watu wote sasa wanaamini ndagala chafu vile ni zake.

"Mimi naanikaka ku waya, Metre. Ku waya, juu. Zile iko na muchanga."

Ninyi vijana mnaoanza kazi hii, hapo ndipo nilipokumbuka siku yangu ya sokoni. Kando ya ziwa letu wengi huanika ndagala chini, juu ya mchanga. Wachache hutengeneza vichanja vya miti na wavu wa waya, samaki wakakauka bila kugusa ardhi, na wateja wao huwafuata popote. Mtu wa kichanja hachanganyi. Jina lake liko katika samaki wake. Na katika PV hakuna aliyeuliza ndagala zilianikwa wapi.

Nilikimbia kwa karani wa mahakama, anayetunza vielelezo. Nilimkuta anagombana na paka wawili mlangoni. Alikuwa ameomba ruhusa ya kubaki na bangi na kutupa samaki, kwa sababu harufu ilikuwa imemkosesha chakula cha mchana wiki nzima. Ruhusa ilikuwa inangoja saini tu. Niliandika ombi langu nikiwa nimesimama: samaki nao ni kielelezo. Karani akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Metre, basi njoo uishi nazo wewe."

Gunia la pili, lililofika Rumonge na gari, alikuwa amelipokea mteja wa zamani wa Kapitolina. Alitambua ni la Kapitolina alipotia mkono ndani ukatoka bila mchanga, na alikuwa bado hajaliuza. Yeye ndiye aliyekuwa shahidi wangu.

Siku ya kesi tuliyaweka magunia mawili mbele ya hakimu. Mwendesha mashitaka alisema samaki ni samaki. Hakimu, mtu mnene asiyependa haraka, aliomba karatasi mbili nyeupe. Juu ya moja akakung'uta konzi ya gunia la mteja. Karatasi ikabaki nyeupe. Juu ya nyingine akakung'uta konzi ya kielelezo, na mchanga ukaanguka kama mvua ndogo. Kisha akafanya jambo ambalo halimo katika sheria yoyote niliyosoma: akachukua ndagala moja ya kielelezo, akaitafuna. Mlio ulisikika hadi kwenye benchi la mwisho. Akamsogezea mwendesha mashitaka karatasi.

"Mheshimiwa, mimi nina jino bovu," alisema yule bwana, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata askari wa mlangoni.

"Mahakama imesikia," alisema hakimu.

Kapitolina aliachiwa, kwa kuwa shaka humfaidi mshitakiwa. Mlangoni alishika mikono yangu yote miwili, akasema murakoze, yaani asante, mara nyingi, kisha akamuuliza karani kama paka wameshiba.

Sasa nimestaafu. Joho nimempa mwanagenzi wangu wa mwisho, baada ya kumshindisha sokoni siku nzima. Naye alirudi ananuka na amenuna, nikafurahi. Sikushinda kesi zote, na wengine niliowatetea walikuwa na hatia. Hao nao niliwasoma mara tatu.

Kapitolina bado hunitumia ndagala kila zinapovuliwa kwa wingi. Juzi, katika sahani yangu, jino likagonga punje moja ya mchanga. Nilimpigia simu papo hapo, nikamsomea mashitaka.

"Metre," akasema, "hiyo si yangu."