Mama Alipofungua Difu

Oili ya difu ina harufu ambayo ukishaijua hutaichanganya na nyingine. Haifanani na ya dizeli wala ya petroli, wala na ile ya oili ya injini iliyoungua. Inanuka kiberiti na yai viza, tena inang'ang'ania: kwenye kucha, kwenye nywele, kwenye kanga, hata kwenye kikombe cha chai utakachoshika kesho yake baada ya kunawa kwa sabuni na majivu. Nilipokuwa darasa la sita, kulikuwa na majuma ambayo nyumba yetu ya Chang'ombe, mjini Dodoma, ilinuka hivyo kuanzia uani hadi chumbani, na watoto wa jirani walisogea mbali nami kwenye foleni ya bomba. Sikujali. Nilijua kinachonuka na nilijua kwa nini, na nadhani hakuna msichana katika mtaa ule aliyebeba ndoo yake kichwani kwa maringo kunizidi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, kama watu walivyoiita. Maduka ambayo nilipokuwa mdogo yalikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia, sasa yalijaa redio, sabuni za rangi na biskuti kutoka nchi ambazo hatukuzijua hata kwa jina. Wakati huohuo mashirika ya umma yalikuwa yakifungwa, na watu waliozoea kuamka na kwenda kazini waliamka wakakaa barazani. Mama alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Alikuwa karani katika idara ya usafirishaji ya shirika moja, na shirika hilo lilipouza mali zake yeye hakununua meza wala kabati kama wenzake. Alichukua kiinua mgongo chake chote akanunua gari kuukuu la kijani, lenye turubai nyuma na mabenchi mawili ya mbao, gari ambalo magurudumu yake yote manne yalivuta. Baba, aliyekuwa mhasibu serikalini, mtu wa mashati yaliyonyooshwa na saa ya mkononi, hakugomba. Alilizunguka, akaligusa tairi moja kwa ncha ya kiatu, akasema, "Mama Neema, umenunua maradhi."

Maradhi hayo yalitulisha. Mama alibeba wanawake wafanyabiashara na mizigo yao kwenda minadani, Kongwa na vijiji vya njiani, kwenye barabara ambazo malori yalizikwepa masika. Mteja wake wa kwanza, na baadaye rafiki yake, alikuwa Mama Rukia, mwenyeji wa Kondoa aliyehamia mtaani kwetu, muuza asali na kunde, mwanamke mnene mwenye sauti iliyofika barabarani kabla yake. Yeye ndiye aliyewakusanya wengine. Siku za mnada waliingia garini kungali na baridi ya alfajiri, wakibanana na magunia, wakiulizana habari za watoto na za waume, na nilipokuwa likizo Mama aliniweka kiti cha mbele nishike chupa ya maji na kumfungulia dirisha, maana mpini wake ulikuwa umelegea na yeye hakupenda kuondoa mikono kwenye usukani.

Mvua za kwanza mwaka ule zilikuja kwa hasira. Tulikuwa tunarudi kutoka Kongwa, jua limeinama, tukakuta korongo tulilolivuka asubuhi likiwa mchanga mtupu sasa limejaa maji ya rangi ya matofali. Mama alizima gari, akaifunga kanga yake juu ya magoti, akaingia na fimbo, akapima chini hatua kwa hatua hadi ng'ambo na kurudi. "Tunapita," akasema, akawasha. Nyuma Mama Rukia alianza dua kwa sauti ya chini, na mwanamke mwingine akaanza wimbo wa kanisani, na sauti zile mbili zikaenda pamoja bila kugongana. Maji yalifika mlangoni. Yaliingia yakanilowesha miguu. Katikati gari lilisita, likasimama muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana, huku Mama akinong'ona nalo kama mtu anayemkamua ng'ombe mkali, kisha likajivuta, likapanda, tukafika ng'ambo na wanawake wakapiga vigelegele.

Siku chache baadaye mlio ulianza. Ulitoka nyuma, chini, mwembamba kama wa mbu aliyefungiwa kwenye kopo, na ulizidi kadiri gari lilivyokwenda kasi. Mama aliusikia kabla ya wote, akanyamaza. Lakini mtaa ulikuwa na masikio, na haukupita muda akafika uani kwetu Bwana Mashaka. Huyu kazi yake ilikuwa kununua magari makuukuu na kuyafumua auze vipuri. Alikuja na soda mkononi, akamsalimu Baba kwa heshima zote, akamwomba Mama azunguke na gari uani, akasikiliza huku amefumba macho kama mganga.

"Difu ya nyuma imekwisha, mama," akasema. "Meno yameliwa. Hili halifiki Kongwa tena. Nikuondolee mzigo."

Difu ni lile tumbo la chuma lililo katikati ya ekseli, ambamo meno makubwa hupokea nguvu ya injini na kuigawa kwa gurudumu la kulia na la kushoto. Gari letu lilikuwa na matumbo mawili, la mbele na la nyuma, na meno ya moja yakivunjika, kulipata jingine zima enzi hizo kulikuwa kuhangaika mji kwa mji. Nililijua hilo kwa kuutazama uso wa Baba usiolia wala kucheka. Chakulani, tukiwa na ugali wa uwele na mlenda, alisema, "Tuliuze, Mama Neema, lingali na bei."

"Yule ameona nini?" Mama akauliza. "Alilala chini? Alifungua nati?"

"Amezoea. Anajua kwa sikio."

"Basi mimi nitatumia macho. Jumamosi nalifungua mwenyewe, hapahapa nyumbani."

Karakana aliyoiamini ilikuwa ya shirika, nayo ilifungwa pamoja na shirika. Ila Mama hakuwa mgeni wa chuma. Alizaliwa Kongwa, na babu yangu, ambaye sikumkuta, alikuwa kijana wa kupaka grisi matrekta katika mashamba yale ya karanga ya wakoloni. Babu hakuwa na mtoto wa kiume, au pengine hakuona kama lilikuwa jambo la kufikiria; alimfundisha aliyekuwa naye. Mnada uliofuata ulikuwa Jumanne. Mama Rukia na wenzake walikwisha funga kunde zao kwenye magunia, na mwenye lori mmoja alikuwa ameanza kuwapitia majumbani kuwashawishi. Wakizoea lori, hawangerudi. Na kama Bwana Mashaka alisema kweli, kiinua mgongo cha miaka yote ya Mama kilikuwa kimezama korongoni. Hakuna aliyeyasema hayo kwa sauti. Mimi niliyasikia vilevile.

Jumamosi asubuhi Mama alivaa suruali ya zamani ya Baba, akaifunga kwa kamba ya katani. Makopo ya oili mpya aliyanunua jana yake, baada ya kufungua na kunusa ya maduka kadhaa, maana ruksa ilileta vitu vizuri pamoja na vya kughushi. Tuliyaanika juani, kwa kuwa oili ya difu ni nzito kama asali na ikiwa baridi haishuki. Kisha akaliwasha gari, akazunguka nalo mtaani pamoja na mlio wake, watu wakichungulia. "Oili ikipata moto hutoka na uchafu wake," akaniambia. Aliporudi alisimama pale tuliposawazisha udongo kwa jembe, kwa sababu gari likiinama kipimo cha oili kinadanganya. Nikaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Tukatandaza gunia na kusogeza karai.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono kifuani, shati lake jeupe. Alipoona Mama anahangaika na spana sehemu ya juu ya difu, hakuweza kuvumilia.

"Si ufungue nati ya chini, oili imwagike kwanza?"

"Ya juu kwanza," Mama akajibu kutoka uvunguni. "Nikimwaga halafu ya kujazia ikakataa kufunguka, nimeliua gari mwenyewe. Baba yangu aliona mtu akifukuzwa kazi kwa hilo."

Na kweli ilikataa. Nati ile ilikuwa imeliwa kona na mafundi wa shirika, na kutu ilikuwa imeishika. Mama aliipiga kwa nyundo kidogokidogo kuzunguka, akaimwagia mafuta ya taa, akangoja, akavuta. Spana iliteleza. Nilisikia kifundo cha kidole chake kikigonga chuma na pumzi yake ikikatika. Alitoka, akafunga damu kwa kipande cha kanga, akarudi chini. Ikateleza tena. Safari hii alitoka akakaa kwenye gunia, akalitazama gari, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaona Mama anaweza kushindwa.

Baba aliinuka. Alivua saa yake akanipa. Alienda nyuma ya nyumba, akarudi na kipande cha bomba la maji, akalichomeka kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu, kisha akalala chini, chali, na shati lake lilelile.

"Shika huku," akamwambia Mama. "Neema, wewe bonyeza spana isitoke kwenye nati. Kwa nguvu zako zote."

Tulikuwa watatu uvunguni, tumebanana, vumbi machoni. Nilibonyeza hadi viganja vikafa ganzi. Walivuta pamoja, wakipumua pamoja, mara kitu kikalia *kak!* Nilidhani spana imevunjika. Ilikuwa nati. Baba alicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, cha mvulana, akabaki kalala pale akiitazama nati kiganjani kana kwamba ameiokota mbinguni.

Ndipo Mama akafungua ya chini. Ilitoka oili ya rangi ya chai ya maziwa, nzito, yenye povu, na harufu ile ikainuka. Nati ya chini ilikuwa na sumaku ndogo ya kunasa vumbi la chuma. Mama aliigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa na unga wa kijivu, laini kama wanja.

"Neema, lete vidole." Akanipaka. "Unahisi nini?"

"Laini."

"Hakuna kinachochoma? Sugua vizuri."

Nikasugua, nikasugua tena, nikijua kwamba wote wawili wanautazama uso wangu. "Hakuna, Mama."

"Maana yake?" Baba akauliza.

"Maana yake meno yapo. Kilicholia ni maji yaliyochanganyika na oili."

Tulitafuta yalikoingilia. Juu ya ekseli kuna kibomba kidogo ambacho difu hupumulia inapopata joto. Mkono wangu ndio uliopenya, nikakikuta kimezibwa na udongo wa nyigu, mkavu kama saruji. Kule korongoni difu yenye joto ilitumbukia kwenye maji baridi, ikakosa hewa, ikayavuta maji kupitia kwenye sili, ile mipira inayozuia oili isivuje. Nilikizibua kwa njiti ya ufagio hadi nikakipuliza na kusikia hewa ikipita. Baba alishikilia faneli na mpira huku Mama akimimina, mpaka oili mpya ikachungulia kwenye tundu la kujazia na kuanza kudondoka, dalili kwamba imetosha. Wakazunguka nalo mtaani, wakaimwaga hiyo nayo ili iondoke na maji yaliyobaki, wakajaza nyingine. Kisha wakafanya ya mbele. Baba hakutoka chini ya gari mpaka jioni, na shati lile halikuvaliwa ofisini tena.

Jumanne wanawake walipanda kimya, hata Mama Rukia. Wote walikuwa wanasikiliza. Tulitoka mjini, barabara ikanyooka, Mama akaongeza mwendo. Injini iliunguruma, turubai likapigapiga, magunia yakalia. Basi.

"Limenyamaza," Mama Rukia akasema, akasahau kushusha sauti, na nyuma yote ikalipuka kwa kicheko.

Mchana, njiani kurudi, tulimwona Bwana Mashaka kando ya barabara karibu na gari lililofumuliwa. Mama alipunguza mwendo. "Habari za kazi, Bwana Mashaka."

"Njema, mama. Naona limefufuka."

"Halikuwa limekufa," Mama akasema, tukaenda zetu.

Gari lile lilitusomesha, mimi na wadogo zangu, na lilimfanya Baba kuwa mtu wa Jumamosi, mwenye suruali yake ya uvunguni na maoni makali kuhusu spana. Ametangulia sasa. Korongo lile lina daraja, na lami ya kwenda Kongwa ni nyororo kiasi kwamba abiria wanalala. Dodoma imekuwa makao makuu ya kweli, na pale Chang'ombe tulipolala kwenye udongo kuna fremu za maduka. Gari langu likihitaji huduma taa huwaka, nalipeleka, nakaa kwenye kiti cha ngozi nikinywa maji baridi, na vijana wenye sare wananirudishia likiwa safi. Ni maisha mepesi, wala sitamani kuyabadilisha na ya kuzoa oili kwa karai. Ila wanangu hawajawahi kuwaona wazazi wao wakishika chuma kimoja na kukivuta pamoja, na hilo sijapata pa kulinunua.

Mama anaishi Chamwino, analima zabibu. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia, tukaongea ya zamani, nikamuuliza jambo ambalo utotoni sikuthubutu: kama vidole vyangu siku ile vingehisi vipande vya meno kwenye ile oili, angefanyaje?

Alikuwa anapogoa mzabibu, hata hakugeuka.

"Ningetafuta meno mengine," akasema. "Kwani wewe ulidhani ningeliuza?"