Bi Mifuko Hatupi Mfuko Hadi Maabara Iseme

Saa nne asubuhi, tani arobaini za chuma kilichoyeyuka zinachemka kwenye ndoo ya chuma iliyo ndefu kuliko mtu. Mwanamke anayeisimamia amekaa juu ya mifuko mitupu, anajifuta jasho.

"Karibu, usisimame kama nguzo," anamwambia mwandishi, naye anamsogezea pa kukaa.

Wenzake wanamwita Bi Mifuko. Tanuru kubwa la jirani huyeyusha vyuma chakavu, basi. Kukisafisha chuma ni kazi ya ndoo yake. Fimbo tatu nene zinazopitisha umeme zinaipasha hadi nyuzi 1,590, gesi inapulizwa kutoka chini ili kukoroga, chokaa inakusanya uchafu. Kisha anatia kaboni, mfuko kwa mfuko, kwa kipimo. Ikipungua, nondo inakuwa legelege. Ikizidi, inavunjika.

Miaka sita iliyopita ilizidi.

"Dereva wa winchi alikuwa ananisimulia vituko vya mkwe wake," anasema. "Nikacheka mpaka nikasahau kama nimeshatia. Nikatia tena."

Mzigo wote ukarudishwa kuyeyushwa. Yeye akapewa ufagio kwa miezi minane. "Nililia, usiniulize. Kiwanda hiki nakijua mpaka uvunguni."

Tangu hapo hukalia kila mfuko alioumimina hadi majibu ya maabara yatoke. Nyumbani ni yaleyale. "Paketi ya chumvi haitupwi mpaka aonje," mumewe, fundi cherehani, analalamika kwa simu. "Juzi nimeikuta chini ya mto. Nampenda mke wangu, lakini huyu atanitia wazimu."

Leo roho iko juu. Ameahidiwa uongozi wa zamu iwapo ndoo kumi mfululizo zitafaulu kwa sampuli ya kwanza. Tisa zimepita. Hii ni ya kumi.

Anainuka, anahesabu mifuko. Mitano. Anarudia. Mitano. Inatakiwa sita.

"Mama, ongeza mmoja tumalize!" dereva wa winchi anapaza sauti kutoka juu.

"Wewe nyamaza! Ulishaniponza mara moja."

Msimamizi anatazama saa. "Dada, vipi? Chuma kinapoa."

Uso umemshuka. "Sijui kama niliumimina, bosi. Na nisichokijua sikitii. Chukueni sampuli hivyohivyo."

"Ikikataliwa unaanza moja."

"Nitaanza."

Mwandishi, akiona mambo yamekuwa mazito, anasimama ili awapishe. Ghafla macho yote, kuanzia ya msimamizi hadi ya dereva kule juu, yanahamia nyuma ya suruali yake. Mfuko wa sita umenata hapo kwa jasho, mtupu kabisa.

"Yallah, nilimkaribisha mwenyewe!" Bi Mifuko anacheka mpaka anashika magoti.

Sampuli inachotwa kwa kata ndefu na kukimbizwa maabara. Kwa dakika sita anazunguka huku na huku. Simu inalia, na mtu wa maabara anasema, "Safi." Anamwomba arudie. Kisha analia mbele ya watu wote, glavu usoni, na hakuna anayemcheka.

Kiongozi mpya wa zamu ataanza na nini?

"Kuna dada anafagia pale nje tangu mwezi uliopita," anasema, akielekeza kidole mlangoni. "Alisahau kufungua gesi. Wanasema hafai. Kesho anarudi kwenye ndoo, asimame hapa karibu yangu. Mimi huyo ndiye ninayemtaka. Yule hatasahau gesi tena maisha yake yote."