Mtoto Asifunikwe Mguu

Mie sisamehe upesi, na sioni haya kulisema. Watu wa Vingunguti wakimkumbuka shangazi yangu husifia upole wake, utadhani alizaliwa bila nyongo. Wasifie wao. Mie niliyekaa naye nyumba moja najua alichofanyiwa, na namjua aliyemfanyia.

Shangazi alipata polio akiwa mdogo, huko Lindi. Miguu ikanywea, na wazazi wake wakamficha chumba cha nyuma mpaka akawa mwari, wageni wasimwone. Alipokuja Dar akapata baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuendesha kwa mikono, na akajipa kazi ambayo hakutumwa na mtu. Aliwasaka watoto wachanga waliozaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani, miguu kifundo. Hospitali walimwambia kwamba mtoto kama huyo akiwahiwa, akafungwa plasta na mguu ukanyooshwa kidogo kidogo kila wiki, atatembea kama wenzie. Akicheleweshwa mguu unakuwa mgumu, ndo basi tena. Kwa hiyo akisikia pana mzazi mahali, huyo anakwenda. Wengine walimfungia mlango. Alikuwaga anakaa hapo hapo nje, anapiga soga na majirani, mpaka wenyewe wachoke wafungue.

Riziki yake ilikuwa hina. Basi mtaa wa pili pakawa na harusi, na biharusi mwenyewe akamwita shangazi, maana alimpenda tangu utotoni. Tukaenda, nyumba imejaa wanawake, nikambeba mgongoni nikamkalisha mkekani. Hajachora hata kidole, mama wa biharusi akatoka chumbani. Akampokonya bakuli la hina, akaenda nalo uani akalimwaga mchangani, kisha akarudi kusema mbele ya watu wote:

"Asimguse mwanangu. Sitaki wajukuu viwete."

Wakacheka. Si wote, lakini waliocheka nawajua mmoja mmoja. Nikasema kwa sauti, hujafa hujaumbika, shangazi akanibana mkono ninyamaze. Nikambeba tena kumtoa nje. Mie nilikuwa nalia kwa hasira. Niliapa kwamba Mungu akinipa siku moja tu ya kumlipa mwanamke yule, siiachi ipite.

Siku ikaja. Biharusi akajifungua mtoto wa kiume. Kwetu mzazi hukaa ndani mpaka arobaini, na siku ya kumtoa mtoto watu hupika, hula, hucheza. Arobaini ya mtoto huyu ikapita kimya, hakuna turubai wala sufuria. Minong'ono ikaanza kwenye vibanda vya wauza utumbo pale machinjioni: mtoto miguu imepinda, bibi yake anamkanda mafuta ya nyonyo na kumkaza vitambaa, na anasema ni jicho la shangazi yangu. Nilicheka peke yangu jikoni. Malipo ni hapa hapa duniani, nikasema. Anayetaka kunilaumu anilaumu, niliona raha.

Ila yule biharusi alikuwa na akili zake. Alimwambia mama yake kwamba asipompeleka mtoto kwa shangazi, atampeleka mwenyewe mchana kweupe. Ndipo yule mama akaja, kwa kupitia uchochoroni, ushungi umemfunika mpaka machoni, mtoto kamzungushia khanga hata haonekani. Nilikuwa naanika nguo. Nikasimama mlangoni, nikampa shikamoo yake, nikamwuliza anataka nini. Akasema anamtaka shangazi. Nikamwambia hina bado iko mchangani kule kwake, akaizoe kwanza, akimaliza ndo aje. Akaanza kulia, na mie sikusogea.

Shangazi akaita kutoka ndani, nimpishe. Akampokea mtoto, akamfungua vile vitambaa, akaziweka zile nyayo kiganjani, akakaa nazo muda. Akasema kachelewa, lakini bado hajaharibika. Yule mama akapiga magoti aombe radhi, shangazi akamkatiza.

"Radhi yako baadaye. Kila wiki tukienda hospitali utambeba wewe, si mama yake. Tutapita barabara kubwa, mbele ya machinjio. Na mtoto asifunikwe mguu."

Nusura nipige kigelegele. Yule mama akasema bora akodi bajaji iwachukue mlangoni. Shangazi akamjibu kwamba bajaji tutapanda barabarani kama watu wote, na kama hataki, atafute njia yake. Yule mama akabaki anamwangalia mtoto, machozi yanamdondokea kwenye zile khanga zake za bei. Kisha akasema atambeba.

Wee! Wiki ile ya kwanza nilijitanda doti mpya. Shangazi mbele na baiskeli yake, yule mama ubavuni, kijimguu kiko nje. Wale waliocheka siku ya hina wamesimama na visu mikononi juu ya mabeseni ya utumbo, na mie huku nyuma nawasalimia kwa sauti ili asisalie wa kutogeuka. Kila wiki nilifanya hivyo, kijimguu sasa kina plasta nyeupe inayoonekana tangu mbali. Nilisema hiki ndicho kisasi, kimepikwa kikaiva.

Kisha mmoja wa wale wanawake akaacha beseni lake, akatufuata mpaka barabarani, akainama sikioni mwa shangazi. Ana mjukuu ndani, wa kike, miguu vilevile. Wiki iliyofuata akaja mwingine.

Siku plasta ya mwisho ilipotolewa, nyayo zimelala sawasawa, yule mama alikuja kwetu kwa mlango wa mbele. Akamwambia shangazi kwamba ameilipia hina ile kwa aibu, je, imetosha? Shangazi akashangaa kweli.

"Aibu gani, bibie? Mie nimepita barabara ile miaka, nani kanisikiliza? Ulipopita wewe mwenye jina lako, wakawatoa watoto. Ya hina nilishayamaliza. Mwenye kinyongo ni huyu hapa, muombe yeye."

Kumbe kisasi kilikuwa changu peke yangu! Yule mama akanigeukia, mtu mwenye umri wa mama yangu, akanishika mikono yote miwili. "Nisamehe, mwanangu." Shangazi ananitazama, mtoto yuko mkekani anarusha miguu. Nikamwambia bado.

Shangazi ametangulia mbele ya haki. Mtoto yule sasa hakamatiki kwa mbio, akitoka mpirani hupiga hodi kwangu kuomba maji, na namchotea kwa moyo mweupe. Bibi yake tunakutana sokoni. Shikamoo nampa, ni haki yake. Radhi sijampa.