Mtumbwi wa Kushukia Mawe

Ko! Ko! Ko! Mpaka leo tezo la Mjomba Dadi linalia masikioni mwangu, likichonga mtumbwi nyuma ya nyumba ya bibi, kijijini Mahurunga. Msimu ule wote wa korosho nguo zetu zilinuka mti mbichi. Mtumbwi haukuwa wa samaki. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa na lake jambo: tuupandishe kwa lori hadi milimani mto Ruvuma unakoanzia, kisha tushuke nao, yeye na mimi, tukipita maporomoko ambayo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuyaona, mpaka nyumbani. Aliuchora mto mchangani, nami nikapanga vikokoto kuwa mawe. Tulipanga mpaka chumvi na kopo la kutolea maji.

“Na mawe je, Mjomba?”

“Kwenye mawe unasubiri tu, mpwa wangu. Maji yakijaa, tunapita juu yake.”

Bibi, akipeta mchele, akacheka. “Nahodha huyo! Kiboko akikohoa tu, yeye anapanda juu ya paa.”

Lakini habari ya maji sote tuliiamini, hata bibi. Kwetu, karibu na bahari, mto hujaa na kupwa kila siku. Ukikwama kwenye fungu la mchanga unakaa, unatafuna muhogo wako, maji yanakuja kukuchukua. Hatukujua kwamba kule juu bahari haifiki.

Kabla mtumbwi haujaisha, Mjomba alitangulia kwenda kuyaona hayo mawe. Mimi aliniachia kazi moja. “Uumwagie maji kila siku. Ukinywa jua, utapasuka.”

Huko akaazima mtumbwi, ukakwama katikati ya mawe. Mwenye mtumbwi mwenyewe ndiye aliyetuletea habari ya msiba. Alimpigia kelele kutoka ukingoni, ashike kamba atoke. Mjomba akampungia mkono, ametulia, anasubiri maji yajae. Yakajaa kweli. Mvua ilikuwa imepiga milimani. Walimzika huko huko. Bibi aliuliza tu, “Alikuwa amekula?”

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Siku hizi nashona nguo mjini, mtaa wa Rahaleo, na kwenye simu naona vijana wenye kofia ngumu na maboya wakishuka mito kama ule huku wanacheka. Nacheka nao, maana hamu ya kwenda haijanitoka. Kisha naukumbuka mchana ule wa msiba: uani kumejaa watu, jua kali, hakuna anayeniangalia. Nilichukua ndoo, nikazunguka nyuma ya nyumba peke yangu, nikaumwagia mtumbwi maji.