Memori Iliyogawanywa kwa Vyeo

Meneja wa ghala la alizeti pale Ikungi aliniita, mimi fundi wa kompyuta, nithibitishe jambo alilokwisha kuliamua: kwamba karani wa mizani hajui kompyuta na aondolewe. Kila siku ya mnada, foleni ya magunia ikishafika barabarani, mashine ya mizani ilijizima. Nikatoka kwangu Mandewa asubuhi.

Nieleze taratibu, maana si jambo gumu. Ofisini kulikuwa na kompyuta moja kubwa, seva, iliyogawanywa kwa programu ikawa kama kompyuta nne. Hizo ndizo mashine pepe. Zote zinakula memori ya seva ileile, ila kila moja imewekewa kikomo. Ikikifikia na bado inataka, inakwama na kujizima, hata kama jirani yake ana memori tele anayoilalia tu.

Meneja alikuwa amenunua memori mpya, akaichomeka, akashangaa hali haibadiliki. Ingebadilikaje? Vikomo havikuguswa. Nilipovifungua nikaona alivigawa mwenyewe, kwa vyeo. Mashine yake, anayosomea ripoti mara mojamoja, ilikuwa na zaidi ya nusu. Ikafuata ya mhasibu, kisha ya stoo. Ya mizani, inayobeba kazi ya ghala zima, ilipewa makombo. Nimehudhuria harusi za namna hiyo: mbuzi mzima anapoa meza kuu, wapishi wanalala njaa.

Karani alikuwa amesimama mlangoni, mkoba tayari begani. Nikamwambia akae, kosa si lake. Meneja nilimwelekeza polepole, kwa heshima zote, nikamwonyesha grafu ya matumizi ya kila mashine. Akaelewa. Hilo ndilo linaloudhi: alielewa kabisa, kisha akauliza.

“Sasa fundi, mashine yangu iwe ndogo kuliko ya karani? Wageni wa makao makuu wakiiona je?”

Sikubishana. Upo mpangilio unaoiachia mashine kikomo kikubwa huku ikichukua kile tu inachotumia. Kinachobaki kinakwenda kwa mwenye shida. Nikampa meneja kikomo chenye namba kubwa kuliko zote. Mizani nikaitengea memori yake isiyoguswa na mtu. Meneja akaitazama namba yake, akaridhika, akasema basi, karani abaki, ila awe makini.

Eti awe makini yeye.

Mnada uliofuata karani alinipigia, na kabla hajaniambia lolote nikamsikia: “Shikamoo babu, weka gunia hapo.” Mizani haikujizima siku nzima.

Meneja naye, nasikia, huwafungulia wageni ukurasa wa vikomo awaonyeshe namba yake. Memori yenyewe iko kwenye mizani. Namba inamtosha.