Posa ya Shangazi Siku ya Barafu

Enzi zetu, sisi tuliolelewa Thornton Heath, kusini mwa London, na wazazi wa Tanga, hakuna simu iliyokuonya asubuhi kwamba leo kuna utelezi, kaa ndani unywe chai. Utelezi uliujua mwenyewe ukishakaa chini. Shule ilikuwa wazi, na kama haikuwa wazi ulikwenda kwanza kuhakikisha. Mama alituvalisha soksi za baba juu ya viatu ili tusiteleze, tukaenda tumeshikana mikono, tukipapasa kuta za watu, tunafika hatuyasikii masikio. Watoto wa leo, tone moja likiganda kwenye kioo cha gari, shule imeshatuma ujumbe na mtoto yuko kitandani anauliza kama wi-fi iko sawa.

Theluji tuliipenda, maana angalau inaonekana. Tuliyoiogopa ni ile mvua inayonyesha kama mvua ya kawaida, kisha ikigusa chini inageuka kioo. Matawi, nyaya, vitasa vya milango, vyote vinavishwa barafu. Hapo Waingereza walikimbilia mkate na maziwa mpaka rafu zikabaki tupu, utadhani ng'ombe wote wamekufa usiku. Treni zilisimama, mabasi yalisimama, na mtangazaji wa redio alishangaa kila mwaka, kana kwamba London haijawahi kuona baridi.

Mvua ya namna hiyo ilitunyeshea Jumamosi ya posa ya Shangazi Mwanahamisi. Shangazi ni dada mdogo wa baba. Alikuwa muuguzi, tukilala naye chumba kimoja, na umri wake ulikuwa umeanza kujadiliwa na watu ambao hakuna aliyewauliza. Alipendana na Idrisa wa Hayes, upande wa pili wa jiji, aliyefanya kazi kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege. Mjomba wake Idrisa, Mzee Shekue, alikuja kutoka Tanga na mkewe Bi Tatu kumposea, na Jumapili yake walikuwa wanarudi nyumbani. Baba alishasema hapokei posa ya simu wala ya barua. Ilikuwa ni siku ile au basi tena.

Kwetu, wageni wa posa hawakanyagi kizingiti kichafu. Mama akatoka na ndoo na ufagio, akakuta ngazi za mlangoni zimefunikwa barafu. Jirani yetu Hansaben, Mhindi mzaliwa wa Mwanza mwenye duka la kona, akamwona anavyohangaika.

"Dada, mwaga chumvi. Chumvi nyingi, barafu itakwisha yote."

Mama alimtazama kama ametukanwa. Chumvi mlangoni siku ya posa! "Waje waseme nimezindika nyumba? Waseme nimemfanyia dawa mtoto wao?" Akaingia ndani, akachemsha birika baada ya birika, akazimwagia ngazi maji ya moto yenye sabuni mpaka zikang'aa.

"Mum, it's going to freeze again," kaka yangu akasema.

"Maji ya moto yagande? Huko shule mnafundishwa nini?"

Akachoma udi, akapanga sambusa, akavaa dera lake jipya. Shangazi akajifungia chumbani, kajitanda kanga, maana anayeposwa haonekani. Nilimsikia akisoma dua ileile, akiikosea na kuirudia.

Wageni walifika kwa miguu, treni yao ilikuwa imeishia njiani. Mzee Shekue kavaa kanzu, koti zito na viatu vya ngozi, mkono mmoja ameshika fimbo. "Hodi hodi, wenyewe!" Akapanda ngazi ya kwanza kwa mguu wa kulia, kama adabu inavyotaka. Ya pili hakuifikia. Aliteremka kwa makalio hadi kwenye mapipa ya taka, kanzu imempanda kifuani, na Bi Tatu, aliyekuwa amemshika koti, akamfuata bila kupenda.

Baba alibaki mlangoni na mikono yake ya kukaribisha. Sisi watoto hatukucheka, na hilo tu lilitosha kuonyesha uzito wa jambo. Mshenga kuanguka mlangoni pa binti ni nuksi, tulijua posa zilizovunjika kwa kujikwaa tu.

"Lahaula," Bi Tatu akasema kutoka chini. "Turudi, mume wangu. Mlango umetukataa."

Ndipo Shangazi alipotoka. Kanga mabegani, soksi za baba juu ya ndala, kopo la chumvi ya jikoni kwapani. Alishuka ngazi akiimwaga kwa kiganja kama anayelisha kuku, mbele ya wageni na mbele ya mtaa mzima, Mama kajifunika uso. Akapiga magoti kwenye mapipa.

"Babu, usiinuke. Chezesha vidole kwanza. Hapa panauma? Na hapa?"

Mzee akamtazama, akamtazama tena. "Huyu ndiye?"

"Ndiye," baba akajibu kwa aibu.

"Nilitumwa nije niulizie tabia yake. Sasa niulize nini tena? Niingizeni ndani, baridi inaniua."

Posa ikatolewa Mzee akiwa amelala kwenye kochi, pakiti ya njegere za friji imewekwa kwenye nyonga, na jibu akalitaka kabla ya chai, akalipata. Ndege hazikuruka. Walikaa kwetu mpaka njia zikafunguka, wakilala vitandani mwetu sisi tukilala chini, na walipoondoka mama na Bi Tatu walikuwa wameshajuana siri zote za koo mbili. Ila Bi Tatu hakuacha kusema kwamba ile chumvi ilikuwa na jambo lake.

Majira ya baridi yaliyopita ilikuwa zamu ya binti yangu, Salma, kuposwa. Niliamka mapema, nikamwaga chumvi mlangoni mpaka barabarani, maana sisi tumesoma. Simu zikatoa onyo la manjano la hali ya hewa. Upande wa kijana wakaandika kwamba usalama kwanza, tufanye kwa video. Tukafanya. Kila mzee na jiko lake nyuma yake, mmoja tulimwona paji la uso tu. Salma alijibu "Yes, it's fine" kutoka kitandani, watu wakapunga mikono, skrini ikawa nyeusi.

Niliondoa sambusa mezani, nikafungua mlango. Ngazi zilikuwa kavu, hazina hata alama ya kiatu. Mungu anisamehe, nilitamani mtu mmoja tu angekuja akaanguka.